Rubani Otomatiki Anapoleta Shida Baada ya Matengenezo

Mada kwa semina ya mafundi na marubani wa ndege nyepesi, Lokandu, Maniema



1. Utangulizi

Lokandu iko kando ya Lualaba, kaskazini ya Kindu, katikati ya msitu. Hali ya barabara zetu mnaijua. Ndege ikikwama hapa, karakana ya vyombo vya umeme wa ndege iko mbali, na kila kifaa kinachong'olewa bila sababu ni gharama na siku za kungoja.

Mada hii inahusu ndege nyepesi za aina ambayo Marekani iliitungia kanuni mwaka 2004, kwa kikomo cha awali cha kilo 600 kwa ndege za nchi kavu. Ni ndogo, lakini nyingi hufungwa rubani otomatiki. Hoja yangu ni hii: hitilafu inayozuka mara baada ya matengenezo itafutwe kwanza pale mkono wa fundi ulipopita, kabla ya kuishuku kompyuta.

2. Mfumo unavyofanya kazi

Tangu mvumbuzi Lawrence Sperry alipouonyesha hadharani huko Ufaransa mwaka 1914, mfumo wa rubani otomatiki una kazi tatu: kuhisi, kuamua na kusukuma. Vihisio hupima mwelekeo, mwinamo, kasi na kimo. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na agizo la rubani. Kisha mota ndogo, yaani sevo, husogeza eleroni au eleveta. Kompyuta haina njia ya kujua kwamba mrija wa hewa wa kupimia kasi au kimo umechomoka nyuma ya dashibodi. Huamini kile inacholetewa.

3. Dalili na mahali pa kuanzia

(a) Mfumo haukubali kuwaka. Angalia fyuzi, plagi zilizofunguliwa wakati wa kazi, waya wa kutuliza umeme, na kitufe cha kukatia mfumo kilichonasa. Kama sevo au programu ilibadilishwa, huenda haijasawazishwa upya kwa utaratibu wa mtengenezaji.

(b) Ndege inainama upande usioagizwa. Shuku sevo iliyofungwa kinyume au mpangilio wa mwelekeo uliogeuzwa. Kosa hili ni la hatari kuliko yote. Ndege isiruke hadi lirekebishwe.

(c) Pua inapanda na kushuka bila kutulia. Tafuta uvujaji katika mirija ya hewa tuli, kisha msuguano katika mfumo wa eleveta. Kama vyote ni vizima, ndipo uguse mpangilio wa nguvu ya mwitikio.

(d) Mabawa yanayumba kushoto na kulia. Kagua ulegevu wa kebo, bolti na viungo vya sevo.

(e) Mabawa yametulia, lakini uelekeo si sahihi. Kihisio cha sumaku kinaweza kuwa kimewekewa skrubu ya chuma au waya wenye umeme mwingi jirani, au hakikusawazishwa baada ya kuhamishwa.

(f) Sevo inateleza au inaachia. Pengine ndege haijasawazishwa kwa trimu, nguvu ya sevo imewekwa chini mno, au skrubu ya usalama, iliyoundwa ikatike sevo ikikwama, imekatika.

4. Mafunzo ya mwaka 1996

Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini. Watu 189 walikufa. Ndege hiyo ilikuwa imekaa siku nyingi bila kifuniko cha mrija wa kupimia kasi, na wachunguzi walishuku kwamba wadudu waliuziba. Rubani otomatiki, akisoma kasi kubwa isiyokuwepo, aliinua pua huku kasi halisi ikipungua.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo, Boeing 757 ya shirika la Aeroperú ilianguka baada ya kuondoka Lima; watu 70 walikufa. Matundu ya hewa tuli yalikuwa yamebandikwa utepe wakati wa kuoshwa, na hakuna aliyeubandua, hivyo vyombo vya kasi na kimo vikadanganya.

Ndege zile zilikuwa kubwa, lakini mrija na tundu ni vilevile. Nyigu wa udongo wa hapa kwetu hawachagui ukubwa wa ndege.

5. Majaribio chini kabla ya kuruka

Washa mfumo ndege ikiwa imesimama. Agiza kushoto: fimbo iende kushoto. Agiza kupanda: fimbo irudi nyuma. Ishike kwa mkono na uizidi nguvu sevo. Bonyeza kitufe cha kukatia, kisha rudia kwa fyuzi. Sogeza fimbo hadi mwisho pande zote ili kuhakikisha sevo haikwami. Usipulize kwa mdomo mirija iliyounganishwa na vyombo, utaviharibu.

Jaribio la angani lifanywe mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, kimo kikiwa cha kutosha, bila abiria, mkono ukiwa karibu na kitufe.

6. Mapendekezo

Kwanza, fundi aandike kila plagi aliyofungua na kila mrija aliochomoa. Pili, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Tatu, vifuniko na tepe viwe na kitambaa chekundu na vihesabiwe kabla ya ndege kukabidhiwa. Nne, rubani ambaye hajaonyeshwa njia zote za kukata mfumo asiutumie.

Rubani otomatiki asiyeaminika azimwe, fyuzi yake ivutwe, na ndege irushwe kwa mkono iwapo kanuni zinaruhusu. Kama haziruhusu, ibaki chini.