Bao Liingie Darasani



Sisi mliotupa kazi ya kupanga matumizi ya mfuko tunaomba mwaka huu tuanze na Hisabati. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, nchi nzima, karibu watahiniwa wanne kati ya kila watano walifeli somo hilo. Kwa maoni yetu mtoto hupotea mapema zaidi, huko msingi, pale kugawanya kunapoanza kuacha baki.

Na chini ya mwembe wazee wetu wanapiga hesabu hizo hizo, tena haraka, bila kalamu. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16. Kuanza, anaweka kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kando yake, 22 zinabaki mkononi. Bao la kujifunza ni jepesi zaidi, kete 2 kila shimo. Sasa mwulize mtoto: ukiwa na kete 19, ukazungusha mashimo yako 16, utaishia wapi? Atamaliza mzunguko mmoja, atabaki na 3, ataishia shimo la tatu mbele ya alipoanzia. Kugawanya kwa baki amekushika kwa mkono.

Lakini kucheza tu hakutoshi. Mwalimu asimamishe mchezo, mtoto aseme jibu kwanza, aliandike daftarini, ndipo asambaze kete. Bila hivyo darasa litageuka baraza. Na wasichana wacheze sawa na wavulana. Kwetu bao tumelizoea kuwa la wanaume, na hesabu nazo tumewaachia wao.

Gharama ni hivi: darasa la watoto 60, wanne kwa bao moja, ni mabao 15 na kete 960. Kete hatununui. Komwe ziko pwani, watoto wataokota na kuzihesabu wenyewe. Fedha ni ya mbao na fundi, na risiti tutadai, msituchukie.

Lipo ambalo fedha hainunui. Tunaomba wazee wawili au watatu, saa moja kwa wiki, wakae darasani pamoja na mwalimu. Wapo watakaosema watoto wanachezeshwa badala ya kusomeshwa. Wakimwona mzee wa heshima pale, maneno yatapungua.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini. Mwenye mbao badala ya fedha aandike mbao. Wazee watakaojitolea wampe majina katibu leo, kabla hatujatawanyika.