Maneno Matatu: NA, AU, SI

Mwalimu aandike ubaoni: NA, AU, SI.

Mama akisema, "Ukiona sukari na majani, pika chai," kimoja kikikosekana chai haipikwi. Akisema, "Ukipata kuni au makaa, washa moto," kimoja chatosha. Na akisema, "Mvua isiponyesha, anika mahindi"? Litazameni neno isiponyesha. SI imejificha ndani yake.

Kompyuta hufanya hesabu zake zote kwa maneno haya, kwa nguvu za umeme. Lakini yako pia ndani ya bakteria, kiumbe asiyeonekana kwa macho. Bakteria aitwaye E. coli huishi tumboni mwetu. Hutengeneza kifaa cha kuvunjia sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwapo, NA glukosi, aipendayo zaidi, isipokuwapo. Mwaka 1961, François Jacob na Jacques Monod wa Paris walieleza sehemu ya siri hiyo. Kuna mlinzi aketiye juu ya jeni, yaani agizo la kutengeneza kifaa. Sukari ya maziwa ikiingia, mlinzi huondoka, agizo likasomwa.

Siku hizi wataalamu huwatia bakteria maagizo mapya, ili watengeneze dawa au wapime maradhi. Watu huuliza, na wana haki: je, akitoroka akaingia mtoni?

James Collins wa Marekani na wenzake walitoa jibu moja mwaka 2016. Walimwekea bakteria agizo la kutengeneza sumu ya kumwua yeye mwenyewe, na walinzi watatu. Mlinzi wa tatu huizuia sumu. Wa kwanza na wa pili humzuia huyo wa tatu. Kwa hiyo bakteria huishi akipewa kitu cha kumwondoa wa kwanza NA kitu cha kumwondoa wa pili, na kitu cha kumwondoa wa tatu kiSIwepo. Hilo ndilo neno lake la siri. Mtoni halipo, naye hufa.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba neno la siri hubadilika. Kila mlinzi ana sehemu mbili: moja hunusa, nyingine hushika jeni. Huungwa kama jembe na mpini. Badili sehemu inayonusa, na neno la siri limekuwa jingine. Mengine yote yabaki.

Hata hivyo mimi nisingemwaga bakteria hao mtoni kwa makusudi. E. coli akishiba vizuri huweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Katika kunakili maagizo mara nyingi hivyo, mmoja huweza kukosea agizo la sumu, akaishi, na wanawe wakawa kama yeye.

Sasa andikeni jibu madaftarini. Kitu cha kwanza kipo. Cha pili hakipo. Cha tatu hakipo. Je, bakteria ataishi au atafa? Andikeni pia ni mlinzi gani aliyebaki mahali pake. Mwalimu atasahihisha. Kwaherini.