Ubao Mmoja Ukutani Waweza Kuokoa Kikundi

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Mbololo)

Nimeombwa nizungumze juu ya hesabu, na najua neno hesabu likitajwa watu huanza kutazama mlango. Tulieni, sitawachosha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha watu 24. Kila mmoja aliweka akiba ya shilingi 4,000 kwa mwaka, na tulikopeshana humo humo. Desemba tukafungua sanduku ili tugawane. Tulitarajia shilingi 96,000, tukakuta 31,000. Loo, kelele! Vidole vyote vikamwelekea mweka hazina, mama mjane, kwa sababu ndiye aliyekaa na sanduku. Aliondoka akilia.

Ilituchukua majuma matatu kupitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Zile 65,000 zilikuwa mikononi mwetu wenyewe wanachama, mikopo ambayo haikurudishwa. Wawili kati ya waliopiga kelele zaidi walikuwamo katika orodha ya wadaiwa. Na daftari lilikuwa wapi siku zote hizo? Lilikuwa kwangu nyumbani. Sikuwa nimejumlisha tangu Juni. Tulimwomba mama yule msamaha, akatusamehe, lakini kurudi kikundini hakurudi.

Habari zilikuwamo daftarini, ila hakuna aliyeziona wakati bado kuna la kufanya. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitengeneze leo.

Mtazameni dereva wa lori apandaye kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Mbele yake ana dashibodi. Haimwambii historia yote ya gari. Inamwonyesha mambo machache tu: mafuta, joto la injini, mwendo. Joto likipanda hangoji mkutano mkuu wa mwaka. Anasimama kando, anaacha injini ipoe, anaongeza maji. Siku hizi hata makampuni makubwa yana dashibodi zao kwenye kompyuta: mauzo ya jana, mali iliyobaki stoo, madeni. Sisi tutatumia ubao na chaki, na kazi ni ile ile.

Chukueni mfano wa kikundi chenye mashine ya kusaga posho. Ubaoni andikeni namba nne tu:

1. Pesa iliyopo: sandukuni, benki na kwenye simu.
2. Mikopo iliyopitisha tarehe ya kulipwa.
3. Lita za dizeli zilizobaki.
4. Madebe yaliyosagwa juma hili, na kando yake madebe ya juma lililopita.

Kisha kila namba iwekewe alama nyekundu, na chini ya alama muandike kitakachofanywa ikifikiwa. Tuseme mashine yenu inakula lita 10 kwa siku. Kupata dizeli kutoka Voi, pamoja na kungoja gari, huchukua siku 2. Ongezeni siku moja ya akiba, zinakuwa siku 3. Basi alama yenu ni lita 30. Zikifika 30, mhudumu wa mashine anaagiza siku ile ile, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mkingoja mpaka mtungi ulie tupu, wateja watabeba mahindi yao kwenda kwa jirani, na wengine hawatarudi.

Kwa mikopo, mnaweza kukubaliana hivi: deni lililochelewa likifika shilingi 10,000, hakuna mkopo mpya mpaka lipungue. Madebe nayo yakishuka majuma mawili mfululizo, kamati iende ikaulize. Je, unga unatoka mbaya? Mkanda umelegea? Au mtu amefungua mashine nyingine huko chini? Namba haisemi sababu, lakini inawaambia mwende mkaulize lini. Na kama kuna namba ambayo ikipanda au ikishuka hamfanyi lolote, ifuteni, inajaza ubao bure.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, ubao uandikwe siku moja maalumu kila juma, na tarehe iwepo. Ubao usio na tarehe ni saa iliyosimama. Pili, anayeandika awe mmoja na anayehakikisha awe mwingine. Tatu, majina ya wadaiwa yabaki daftarini, ubaoni iende jumla tu. Mtu akiaibishwa ukutani atajificha, na kesho mtaletewa hesabu zilizopakwa rangi. Wenye simu wanaweza kuupiga ubao picha na kuwatumia wanachama walio Mombasa au Nairobi.

Jambo hili si geni kwetu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 zenye ukame, na Taita Taveta ni mojawapo. Hutazama mvua, malisho, umbali wa kwenda majini, afya ya watoto, na pia kilo za mahindi zinazoweza kununuliwa kwa bei ya mbuzi mmoja. Namba hii ya mwisho hata mzee asiyesoma anaijua. Ikishuka mwezi baada ya mwezi na mvua haionekani, mwenye mbuzi kumi auze wawili watatu wangali na nyama. Akingoja, atauza mifupa.

Lakini ubao peke yake hautoshi. Kuanzia Agosti 2010 wataalamu walionya kwamba ukame mkubwa unaingia Pembe ya Afrika. Msaada mkubwa ulikuja baada ya njaa kutangazwa kusini mwa Somalia, Julai 2011. Namba zilikuwapo karibu mwaka mzima, lakini hapakuwa na makubaliano kwamba zikifika hapa, fulani atafanya hivi. Watu wengi walikufa katika muda huo wa kungoja. Ndiyo maana nasisitiza alama nyekundu na jina la mwenye kazi.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kaeni nusu saa mchague namba zenu. Kikundi cha maji kitahesabu mitungi iliyouzwa na siku ambazo bomba lilikauka. Kikundi cha kuku kitahesabu mayai na magunia ya chakula. Msizidishe tano.

Nasi tungekuwa na ubao mwaka ule, ifikapo Agosti kila mtu angaliona deni likipanda, na tungaliulizana sisi kwa sisi mapema. Mama yule angalikuwa bado mweka hazina wetu, na alikuwa mweka hazina mwema.