Hasira na Jinsi ya Kuinyima Kuni



Nilipoombwa kuzungumza juu ya hasira, mwenzangu mmoja alinitania kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa na watengeneza kanga, kwani "hasira hasara" kila mtu anaijua. Ni kweli. Lakini msemo ule hututajia bei tu. Hautufundishi namna ya kuacha kununua.

Hasira ni kengele. Mwili huipiga pale mtu anapoona ameonewa au amedharauliwa. Kabla hujapata neno la kujibu, ubongo umekwisha kutoa amri, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, ini linatoa sukari ya akiba, misuli inakaza. Matayarisho hayo yalimfaa sana babu aliyekutana na chui njiani. Hayamfai mtu aliyerukwa kwenye foleni ya chakula bwaloni.

Lakini mwili hauwezi kukaa hivyo kwa muda mrefu usipochochewa. Usipoongezewa kuni, hupoa. Wanaoleta kuni ni sisi wenyewe, kwa kulirudia jambo lile lile kichwani usiku kucha, na kulisimulia kwa kila apitaye, kila mara tukilitia chumvi kidogo.

Wengi wetu tumeamini kinyume. Tunadhani hasira ni mvuke ndani ya sufuria yenye kifuniko, na kwamba usipotolewa, sufuria itapasuka. Basi mtu hupiga ukuta ngumi, au huvunja sahani (aghalabu za mkewe), akitumaini kupata nafuu. Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Iowa State huko Marekani, alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi 600. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa ikiwa imekashifiwa vibaya. Kundi moja lilipewa mfuko wa mazoezi ya ngumi, waupige huku wakimfikiria yule aliyewakashifu. Kundi la pili waliupiga wakifikiria afya ya miili yao. Kundi la tatu waliketi tu kimya. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote, na walipopewa nafasi ya kumwadhibu kwa makelele masikioni, ndio waliokuwa wakali zaidi. Wale walioketi bila kufanya lolote ndio waliokuwa wapole. Mwaka 2024 Bushman na Sophie Kjærvik walikusanya pamoja tafiti 154, zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba hasira hupunguzwa na yale yanayoutuliza mwili, kama kupumua polepole. Kukimbia hakukusaidia. Mwalimu wa michezo asinichukie; mbio zina faida nyingine nyingi.

Sheria nayo inalijua jambo hili. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba aliyeua katika ghadhabu ya kuchokozwa ghafula, kabla ghadhabu hiyo haijapata muda wa kupoa, atahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Shikeni hayo maneno ya muda wa kupoa. Mahakama itataka kujua ulikuwa wapi kati ya tusi na pigo. Aliyeupata muda huo, akautumia kunoa panga, sheria haitamwonea huruma.

Nawaambia hasa ninyi vijana wa bwenini. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, kwa jirani zetu wa Kenya, bweni lilimwagiwa petroli na kutiwa moto usiku watu wamelala. Walikufa wavulana 67. Petroli haijimwagi yenyewe. Hutafutwa, hubebwa, hufichwa. Hiyo haikuwa ghadhabu ya dakika moja. Ilikuwa imelishwa ikanenepa, na bweni ni mahali pazuri mno pa kuilisha, maana kila kitanda kina msikilizaji.

Kazini kwangu napokea malalamiko ya wananchi kwa maandishi, na baada ya miaka mingi naitambua barua iliyoandikwa usiku ule ule wa ugomvi. Haina tarehe wala namba ya kiwanja, ina aya mbili za matusi, na nakala zimepelekwa kwa watu kumi na mmoja, Rais akiwamo. Nyingine huja baada ya siku tatu: nani, lini, wapi, naomba nini. Uchungu wa waandishi hao wawili ni mmoja. Ila yule wa kwanza ni vigumu kumsaidia hata ukitaka, kwa kuwa shida yake huioni. Na siku hizi kuna simu, ambayo haimpi mtu hata zile siku tatu.

Basi, ikikupanda, keti. Waislamu watakumbuka kwamba Mtume alimwagiza aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na asipotulia, alale. Plutarch naye amesimulia kwamba mwanafalsafa Athenodorus, akimuaga Kaisari Augustus, alimshauri azitaje herufi zote 24 za Kigiriki kabla hajasema wala kutenda lolote katika hasira. Jaribuni kwa herufi zetu, ila polepole, na pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Moyo hauwezi kuuamuru utulie, lakini pumzi waweza, na moyo hufuata. Hili nawaambia pia wenzangu wenye vitambi: saa mbili baada ya mlipuko wa hasira ndizo ambazo hatari ya mshtuko wa moyo hupanda.

Sisemi mtu ameze uonevu, la hasha. Kiranja akimpiga mtoto bila haki, kengele imelia kwa sababu, na sababu hiyo haifutiki kwa kupumua. Hapana budi isemwe, ila kesho yake, kwa utaratibu, na kwa mtu mwenye uwezo wa kuiondoa. Hapo ndipo wakubwa tunapokosea mara nyingi: tunamwambia kijana asubiri, naye anasubiri, halafu hatumjibu. Safari ijayo hatasubiri.

Kwa hiyo nimemwomba Mkuu wa Shule liwekwe sanduku la malalamiko karibu na bwalo, lifunguliwe kila Ijumaa mbele ya viranja na mwalimu wa zamu, na majibu yasomwe barazani Ijumaa inayofuata, hata kama jibu ni hapana. Amekubali kulijaribu muhula huu. Umoja wetu utatoa sanduku, kufuli mbili, na daftari la kuandikia majibu.