Kosa Lililo Nyuma ya Mgongo



Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 18, kinatusimulia habari za mtu aitwaye Apolo, mzaliwa wa Aleksandria. Alikuwa msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, naye alifundisha kwa bidii habari za Yesu. Lakini aliujua ubatizo wa Yohane tu. Katika sinagogi la Efeso wakamsikia mume na mke, Akila na Priskila, waliojipatia riziki kwa kushona mahema. Hawakumkatiza mbele ya watu, wala hawakwenda kumsengenya. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msemaji hodari akakubali kufundishwa na washona mahema. Je, sisi tungekubali?

Ili tulielewe jambo hili vema, tutazame kazi moja ya mikono ambayo wachache miongoni mwetu wanaijua. Ninyi mnaoishi Matema, kando ya Ziwa Nyasa, na ninyi wa bwawa la Mtera, mmezoea nyavu na ndoana zenye chambo. Lakini katika maji ya baridi ya Mufindi, mkoani Iringa, na katika Mto Kiwira unaopita Rungwe, mkoani Mbeya, walipandikizwa wakati wa ukoloni samaki wageni waitwao trauti, kama walivyopandikizwa nchini Kenya mwaka 1905. Trauti hupenda kula wadudu wanaoangukia majini. Kwa hiyo mvuvi humtegea nzi wa bandia, yaani manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ndoana iliyofungwa kipande cha risasi huuvuta mshipi kwa uzito wake. Nzi wa bandia hana uzito wa maana. Hapa ni mshipi wenyewe, ulio mnene kidogo, unaombeba. Mvuvi huuinua mshipi kwa ufito mrefu unaopindika, akaurusha kwanza nyuma, juu ya bega lake. Kisha husimamisha mkono ghafula, akangoja. Mshipi ukiisha kunyooka huko nyuma, ndipo huurusha mbele. Uzito wake huupinda ufito, nao ufito ukijinyoosha huusukuma mshipi, hata nzi akatua majini taratibu kama jani. Akiwahi mno, mshipi hulia kama mjeledi, na nzi huweza kukatika. Akichelewa, mshipi huanguka na kunasa majanini. Na kadiri mshipi unavyozidi kuwa mrefu, ndivyo impasavyo kungoja zaidi.

Mwanafunzi hudhani kwamba amepungukiwa nguvu. Huongeza nguvu, na mambo huharibika zaidi. Auona mshipi umerundikana mbele yake, naye hushughulika na mbele. Kumbe kosa limetendeka nyuma ya mgongo, ambako hatazami. Wahenga walisema: nyani haoni kundule. Ndiyo maana mwalimu husimama kando yake, akauona mkono unaolala mno nyuma, akamwambia. Wala hamwanzishi mtoni. Humpeleka uwanjani penye nyasi, pasipo maji wala samaki, akamfungia kipande cha uzi badala ya ndoana. Humwagiza awaze uso wa saa kubwa ubavuni mwake: mbele ufito usimame penye tarakimu ya 10, na nyuma penye tarakimu ya 1. Basi hurudia hivyo, muda mfupi lakini mara kwa mara, mpaka mkono uzoee.

Angalieni, wapendwa: mafundisho bila mazoezi husahaulika, lakini mazoezi bila kusahihishwa ni hatari zaidi, kwa maana anayelirudia kosa mara elfu amelipa kosa mizizi.

Tuchukue mfano wa baba wa familia ambaye kila Jumamosi jioni nyumba yake hujaa kelele na vipigo, na kila Kwaresima hulia katika kitubio na kuahidi kwa nguvu mpya. Ahadi yake ni ya kweli. Lakini yeye hushindana na hasira iliyo mbele yake, wakati mkono umekwisha kupotoka tangu mchana, alipopitia kilabuni na fedha za mahindi. Wanaolipa ni mkewe na watoto. Huyu hahitaji kuongeza nguvu za kuahidi. Amhitaji mtu atakayesimama kando yake na kumwambia: kosa lako lilianza pale. Amhitaji padre, rafiki, au jirani mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Na ikiwa leo vipigo vinaendelea, mke na watoto wasiachwe wangojee mpaka mwalimu apatikane. Jumuiya iwapatie usalama kwanza.

Nanyi makatekista, tunajua mnavyotembea milimani katika mvua na baridi kwenda vigangoni. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliifanya kazi yenu kuwa huduma rasmi katika Kanisa, naye alitaka anayeipokea awe na malezi yanayofaa. Katekista aliyefundisha miaka 20 asione haya kuketi tena darasani. Huenda watoto hawakosi akili. Huenda ni sisi tunaoharakisha, tukirusha swali la pili kabla ya la kwanza kunyooka mioyoni mwao. Mtoto mzito wa kuelewa ni mshipi mrefu: adai tungoje zaidi.

Lakini wanaosahihisha nao wakumbuke Akila na Priskila. Tumeona waamini waliokemewa mbele ya kusanyiko wasirudi tena kanisani. Mwalimu mwema huanzia uwanjani, ambako kosa halimdhuru mtu. Tumwite ndugu kando, tumweleze, tumwachie nafasi ya kujaribu tena. Ndivyo alivyotendewa Apolo, ambaye baadaye aliwasaidia sana Wakristo wa Akaya.

Basi juma hili kila mmoja wetu amchague mtu mmoja anayemwamini, amwulize kwa unyenyekevu: ni kitu gani unachokiona kwangu, ambacho mimi sikioni? Akijibiwa, asijitetee. Asikilize, akashukuru, na kesho yake aanze zoezi dogo, alirudie kila siku.

Ee Bwana, uliyewafundisha wavuvi wa Galilaya kwa uvumilivu mwingi, utupe masikio ya kusahihishwa na ndimi za upole za kuwasahihisha wenzetu. Amina.