Motokaa Yenye Namba ya Nchi Nyingine

(Maneno ya mwanachama mmoja wa genge la njia, aliyoyasema katika mkutano wa wanachama, Soy)



Kamati imeniomba niseme habari ya motokaa. Nawaona wengine mnacheka, maana mnajua yaliyotupata. Chekeni, lakini sikilizeni. Nimesikia ya kuwa juma lililopita mtu alipita hapa Soy na pikapu yenye namba ya Uganda, anaiuza kwa bei ya ng'ombe wanne, na ya kuwa wenzetu wawili wamekwisha kwenda kuitazama. Kwa ajili ya hao wawili nimekubali kusimama hapa. Mimi si mwana sheria. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaingia kazi ya reli. Sheria hizi nimejifunza kwa fedha zangu mwenyewe.

Mwaka wa 2022 tulikuwa watu sita wa genge moja. Tuliona jinsi mahindi ya Soy na Moi's Bridge yanavyochukuliwa na matajiri wenye malori, nasi tukasema, kwa nini tusiwe na pikapu yetu, mmoja akiwa zamu mwingine aendeshe? Tukakopa katika chama cha akiba na mikopo, kila mtu shilingi 70,000, jumla shilingi 420,000. Katika yadi za Eldoret fedha hizo hazikutosha hata kuuliza bei. Ndipo akaja mtu na pikapu nzuri, nyeupe, ina namba ya Uganda. Akatuonyesha kadi yake ya Uganda, na karatasi ya forodha yenye muhuri. Akasema, “Hii ni Afrika ya Mashariki moja, ndugu zangu. Kubadilisha namba ni kazi ya majuma mawili.” Tukamwamini, kwa kuwa tulitaka kumwamini.

Tuliifanyia kazi majuma saba. Juma la nane ikasimamishwa njiani karibu na Turbo, nami ndiye niliyekuwa nikiendesha, nyuma nina magunia kumi na manane ya mahindi ya mjane mmoja wa hapa hapa. Afisa alisoma karatasi, akaniuliza kwa upole, “Wewe ni mgeni kutoka Uganda?” Nikasema la. “Basi hii karatasi ni ya nani?”

Ndugu, swali hilo ndilo jambo lote. Ile karatasi yenye muhuri haikuwa ruhusa ya kuuza. Ni ruhusa ya mgeni kuingia na gari lake kwa muda, alitumie, kisha arudi nalo kwao. Siku anapomwuzia mtu wa Kenya bila kulipa kodi, gari hilo limekuwa mali isiyolipiwa ushuru, na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka wa 2004 inatoa ruhusa ya kulikamata na kulitaifisha. Na muda wenyewe ulikuwa umekwisha siku nyingi.

Tulikwenda kuuliza, je, tukilipa kodi sasa? Hapo ndipo tuliposikia neno lililotuvunja miguu. Pikapu ile ilisajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2008. Kenya haikubali gari la kigeni lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Hiyo ni kanuni ya Shirika la Viwango, nayo huitwa KS 1515. Mwaka wa 2022 gari lilipaswa kuwa la 2015 au baadaye. Hata kama tungepata milioni ya kulipa kodi, pikapu ile isingeweza kupewa namba ya Kenya. Lakini Uganda wao waliweka kikomo chao mwaka wa 2018, nacho ni miaka kumi na mitano. Kwa hiyo gari lile lile, lililoshuka katika bandari ile ile ya Mombasa, likapita barabara ya Eldoret kwenda Malaba, kule ni halali kabisa, na hapa ni chuma tu.

Ninyi watu wa reli mtanielewa upesi. Behewa la reli yetu ya mita moja ni zima, lina breki, lina magurudumu. Lipeleke juu ya reli mpya ya milimita 1,435 uone kama litakwenda. Si bovu. Halikutengenezwa kwa njia ile.

Wazee wanatukumbusha ya kuwa zamani nchi hizi zilikuwa na reli moja na idara moja ya forodha, mpaka Jumuiya ile ya kwanza ikavunjika mwaka wa 1977. Jumuiya imerudi, na umoja wa forodha ulianza mwaka wa 2005, ni kweli. Lakini umoja huo haukusema motokaa ihame kama mbuzi. Kodi hulipwa katika nchi ambamo gari litakaa, na kila nchi ina masharti yake ya umri. Tena mwaangalie wale wanaopita hapa Soy kwenda Kitale na Lodwar mpaka Sudan ya Kusini. Kule, na Kongo, na Rwanda, watu huendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Gari la usukani wa kushoto Kenya halisajiliwi, isipokuwa magari machache ya kazi maalum, kama ya wagonjwa na ya kuzima moto. Akija mtu na gari la Goma, hata umri usimwulize.

Pikapu ikaenda. Mahindi ya mjane tuliyalipa. Mkopo haukuenda popote, shilingi ziliendelea kukatwa mshaharani kwa miezi thelathini na sita, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ilinikumbusha gari nisilokuwa nalo. Mmoja wetu mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima. Siri nyingine ni hii, na huwa inaniamsha usiku: bima yetu ilikuwa ya uongo. Gari la nchi jirani likiingia kwa halali huwa na kadi ya manjano ya COMESA, nayo humlipa mtu atakayegongwa. Yetu ilikuwa na jina la mtu mwingine. Majuma saba nilipita mbele ya shule asubuhi watoto wakivuka.

Haya. Mkopo ulipokwisha mwaka jana, 2025, watano kati yetu tulisema tutajaribu tena, lakini kwa njia ya mbele. Wa sita alikataa, wala simlaumu.

Kwanza tuliandikisha kikundi, kwa Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, tukapata namba ya kodi ya kikundi. Nawaomba msilipite jambo hili. Logbuku ikiandikwa jina la mtu mmoja, gari ni la mtu huyo. Akifa, ni la watoto wake, nanyi mtakwenda kusimama nje ya lango mkisema ati tulichanga.

Pili tulitafuta gari Ujapani. Muuzaji mmoja alituandikia mwezi wa Novemba ya kuwa ana gari dogo la mizigo la 2018, bei nafuu sana. Wenzangu walitaka kulipa usiku ule ule. Nikawauliza, meli inafika lini? Mwezi wa Januari. Basi halifai. Mwaka wa 2025 gari la 2018 lilikubaliwa, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2026 linalokubaliwa ni la 2019 na kuendelea. Siku inayohesabiwa ni ya kufika Mombasa, si siku uliyotuma fedha. Muuzaji hakudanganya neno hata moja, lakini tungepotea mara ya pili. Tukachukua la 2019, tukaongeza fedha.

Gari hukaguliwa kule kule kabla ya kupakiwa melini, na mkaguzi aliyewekwa na Shirika la Viwango, naye hutoa cheti. Bila cheti hicho usitume hata senti ya nauli ya meli.

Sasa kodi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa hudhani bei ya gari ndiyo gharama. Mamlaka ya Mapato haifuati bei uliyolipa. Inayo orodha yake ya bei za magari mapya, na kutoka hapo hupunguza kwa ajili ya uchakavu, ikapata thamani ya forodha. Tuseme thamani hiyo ni shilingi 600,000, na injini haizidi cc 1,500. Kwa kodi za mwaka wa 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 210,000. Ongeza juu ya thamani, imekuwa 810,000. Juu ya hiyo ushuru wa bidhaa asilimia 20, ni 162,000. Ongeza tena, 972,000, na juu ya hiyo VAT asilimia 16, ni 155,520. Mnaona? Kodi inapanda juu ya mgongo wa kodi. Kisha ada ya fomu ya kuingiza mali, asilimia mbili na nusu ya ile thamani ya kwanza, 15,000. Na mwisho asilimia 2, shilingi 12,000, nayo huitwa tozo ya maendeleo ya reli.

Ndiyo, reli! Ilianzishwa mwaka wa 2013 kwa ajili ya ile reli mpya. Kwa hiyo mimi nayepiga nyundo juu ya reli ya zamani nimelipia reli mpya ili nipate motokaa. (Kicheko.)

Jumla ni shilingi 554,520. Karibu thamani nzima ya gari, na bado hujamlipa wakala, wala gharama za bandari, wala petroli ya kutoka Mombasa. Injini ikizidi cc 1,500 ile asilimia 20 huwa 25, basi pigeni hesabu upya kabla ya kupenda gari kubwa.

Wakala wa forodha chagueni mwenye leseni, na kodi ilipwe kwa namba ya malipo ya Mamlaka yenyewe, si kwa simu ya mtu. Karatasi zikiwa tayari, usajili ni kazi ya NTSA, kwa njia ya mtandao. Namba mpya hizi zilizoanza mwaka wa 2022 unazichukua katika kituo ulichochagua. Hilo halikutusumbua sana, ila kungoja. Logbuku yetu ina jina la kikundi, na gari liko nje pale, mmeliona. Lilileta maziwa asubuhi.

Ndugu mmoja ameniuliza juu ya mwanawe aliye Uingereza. Huyo yumo katika mlango mwingine. Mtu aliyekaa nje miaka miwili au zaidi, anayerudi kuishi nyumbani moja kwa moja, anaweza kuleta gari moja bila ushuru, mradi limekuwa lake na amelitumia huko muda wa miezi kumi na miwili. Lakini asiwe amekuja Kenya kutembea siku nyingi kupita 90 katika ile miaka miwili. Gari liwe lake kweli, si la baba yake wa Soy lililopewa jina lake. Mzee, nakutazama wewe.

Karatasi zetu zote nimeziweka mezani kwa Katibu, za pikapu ile ya kwanza na za hili gari. Na wale ndugu wawili, sitawataja. Mkiwa bado mnaitaka pikapu ile, kesho baada ya zamu nitakwenda nanyi, na kabla hamjafungua mlango wala kupiga honi, tusome kwanza mwaka ulioandikwa katika kadi yake.