HOTUBA: Mgonjwa Aulizwe Kwanza



Wengi hudhani matibabu ya kiharusi huishia wodini. Lakini mgonjwa anaporudi nyumbani ndipo maswali huanza: atavaaje, ataogaje, atakulaje kwa mkono mmoja? Kumfunza upya shughuli hizo ni kazi ya mtaalamu wa tiba kazi, ambaye hospitalini wengi humwita OT.

Mtaalamu huyo huingia hadi jikoni na bafuni mwa mtu. Ndiyo maana maadili ya kazi yake yanamhusu kila mkazi.

Chukua mfano wa nyanya aliyepooza mkono. Anataka kurudi kupika. Mwanawe anasema, "Mama apumzike, moto ni hatari." Nani asikilizwe? Maadili yanataka nyanya aulizwe kwanza, maadamu akili yake ni timamu. Mtaalamu humweleza hatari bila kumficha, kisha hutafuta njia pamoja naye: apike akiwa ameketi, jiko liwe imara, sufuria isijazwe, na mtu awe karibu. Mwana naye asikilizwe, maana ndiye atakayebaki na mama. Lakini hawezi kumwamulia.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu kwa lugha anayoielewa, kuyakubali au kuyakataa, na siri zake kulindwa. Kwa hivyo, video ya mazoezi yake haifai kuwekwa Facebook au WhatsApp bila idhini yake, hata kama nia ni njema. Wala idhini hiyo isiwe sharti la kuhudumiwa.

Pia kuna suala la pesa. Mtaalamu mwaminifu hamwongezei mgonjwa siku za kliniki asizozihitaji, wala hamtoi hospitali ya umma ili akamlipishe kwenye kliniki yake binafsi. Akiona tiba haisaidii tena, husema wazi.

Mkazi ana haki ya kuuliza iwapo anayemhudumia amesajiliwa na baraza la taifa linalosimamia taaluma hii. Aliyekosewa aanze kwa msimamizi wa hospitali. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa baraza hilo.

Tiba nzuri huanza kwa swali moja: "Mama, ungependa kuweza kufanya nini tena?" Mtaalamu akisahau kuuliza, familia imkumbushe.